Mzee Khisa Masinde, Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Mzee Khisa Masinde, fundi wa pikipiki katika karakana ya ushirika wetu wa maziwa hapa Nakuru, anastaafu Ijumaa, tarehe 19 Desemba 1958, baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na sita. Aliingia kazini akiwa mfagiaji. Wenye kumbukumbu wanasema siku ya kwanza alifagia karakana nzima isipokuwa upande wa betri, kwa kuwa alikuwa amesikia zinauma.

Tuseme ukweli mapema, maana yeye mwenyewe hataki ufichwe: Mzee Masinde ni mwoga. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, na reli haivuki mpaka asimame aangalie pande zote mbili, hata kama treni imepita sasa hivi mbele ya macho yake. Kabla ya kugusa waya wowote huvua saa, kisha huutia mkono wa kushoto mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Tumemcheka sana kwa mambo hayo. Hata hivyo, hakuna fundi aliyefanya kazi chini yake aliyepoteza hata kidole.

Kitu alichokiogopa kuliko vyote ni pikipiki iliyopona yenyewe. Iliyokufa kabisa haikumsumbua. Alikaa nayo, akaifungua, akaona kilichovunjika. Lakini ile inayozimika njiani, kisha ikifika karakana inanguruma vizuri kama haijawahi kuugua, hiyo ilimkosesha usingizi. Alikuwa akisema ugonjwa haujatoka, umejificha tu, na unajua mahali pa kukungojea.

Pikipiki ya namna hiyo tulikuwa nayo moja, kuukuu, ya kabla ya vita, tuliyoiita Kigugumizi. Mimi ninayeandika haya, Kipketer, ndiye niliyekuwa nikiipanda. Mwaka wa 1954 kazi yangu ilikuwa kupeleka chanjo ya ng'ombe Olenguruone, kupitia Njoro, Elburgon na Molo, na kurudi na chupa za maziwa ya kupimwa. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mbele kidogo ya Elburgon, msitu unapokaribia barabara, askari walikuwa wameweka kizuizi cha mapipa yaliyopangwa kwa kupishana, huku na huku, ili kila anayepita apunguze mwendo na kujipinda katikati yake. Bunduki zilikuwa zimekuelekea muda wote huo.

Kigugumizi ilitoka Nakuru bila neno, ikapanda milima bila neno. Ilipofika kwenye mapipa, ikazimika. Halafu ghafla ikapata moto tena, na ekzosi ikalipuka mlio usio na tofauti na wa bunduki. Mara ya kwanza askari walijitupa chini, na mmoja akanilenga kifua mpaka nikasahau jina langu. Baadaye ikanguruma vizuri, kwa hiyo karakana sikuiambia. Mara ya pili walipiga. Risasi iliingia kwenye sanduku la chanjo nyuma ya paja langu, dawa ikanitiririka mguuni, nami nikajua ni damu na kwamba nimekwisha. Koplo aliniinua kwa kola. Alisema nikija tena na mlio huo, hawatalenga sanduku.

Safari iliyofuata ilipangwa iwe Jumanne. Karakana ilihangaika na Kigugumizi kwa siku kadhaa. Plagi ilibadilishwa, kabureta ikasafishwa, magneto, inayotoa cheche ya kuwashia, ikafunguliwa na kufungwa. Ikanguruma asubuhi mpaka jioni juu ya stendi yake bila kukosea hata kidogo. Mwishowe msimamizi wetu akakata shauri kwamba pikipiki ni nzima, ila Kipketer akiona bunduki anatetemeka na kufunga mafuta bila kujua. Mimi pia niliamini hivyo, kwa sababu kweli nilikuwa nikitetemeka. Mke wangu Chepkurui alinisihi niseme ninaumwa, lakini kwa miaka ile mtu aliyekataa njia ya msituni aliulizwa maswali mengine, na hayo niliyaogopa vilevile.

Mzee Masinde ndiye aliyekataa. Alimwambia msimamizi kwamba yeye ameishi na woga tangu utoto na anaijua kazi yake yote: hukausha mdomo, hulegeza magoti, huharibu tumbo, lakini hajawahi kuuona ukiingia ndani ya magneto na kuzima cheche. Kisha akaniketisha na kuniuliza habari za kizuizi, si za injini. Alitaka kujua nilitazama wapi, nilitelemsha mguu gani, mikono iligeukia wapi. Nilimwonyesha. Kwenye pipa la pili, nilisema, usukani huenda kushoto mpaka mwisho.

Hapo akageuka kuitazama Kigugumizi. Usukani wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, umenyooka mbele.

Ni desturi ya karakana yetu, na aliyeianzisha ni yeye mwenyewe. Nafasi ni ndogo, pikipiki hubanana, na tangu moja ilipoangukia nyingine na kumwaga petroli aliamuru kila inayoingia ifungwe usukani. Kwa hiyo kila tulichokipima, tulikipima kikiwa kimetazama mbele. Hakuna aliyekuwa ameigeuza Kigugumizi shingo. Mzee, uso umemshuka, akaifungua ile kamba kwa mkono wake.

Tuliviringisha mapipa ya mafuta matupu uani, tukayapanga kama ya Elburgon. Alijifunga gunia la mahindi kifuani, sijui la kuzuia nini, akapanda mwenyewe. Pipa la kwanza akapita. La pili akageuka kushoto, injini ikafa. Akanyoosha, na ekzosi ikalipuka uani katikati ya mchana. Jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka ni kwamba nyuma ya ua wetu kulikuwa na nyumba za polisi. Waliruka ua na bunduki zao. Tulimkuta Mzee amelala chali, mikono juu, midomo imekuwa ya kijivu, lakini hakuwa akiomba msamaha. Alikuwa akipiga kelele: "Kushoto! Inakufa ikienda kushoto!" Msimamizi alikuwa na kazi kubwa ya kuwaeleza polisi kwamba huyo si adui, ni fundi.

Tulipoondoa tangi tuliuona. Waya unaotoka kwenye magneto kwenda kwenye swichi ya kuzimia ulikuwa umesuguliwa na chuma penye shingo ya fremu. Kitambaa chake kilikuwa kimelika, na shaba iliyobaki wazi haikuzidi ukubwa wa siafu. Usukani ukigeuka kushoto, shaba inagusa chuma na cheche inazimika. Ukinyooka, cheche inarudi na kuikuta petroli imejaa ekzosi yenye moto. Mzee aliweka waya mpya, akauachia urefu wa kutosha kugeuka, akauvisha mpira.

Ilibaki kanuni yake ya mwisho. Pikipiki iliyozimikia mahali fulani, hakuikabidhi mpaka akae nyuma ya dereva warudi pamoja mpaka mahali hapo. Tulidhani safari ile angeiacha, na hakuna ambaye angemlaumu. Jumanne asubuhi alikuja na koti lake, akakaa nyuma.

Kona ya mwisho kabla ya mapipa mikono yangu ilikuwa baridi kabisa. Alinishika koti akasema: "Kipketer, wewe angalia barabara. Kuogopa niachie mimi." Na akaogopa kweli. Nilimsikia mgongoni akitetemeka, meno yakigongana, akisali kwa lugha ya kwao kwa sauti ambayo askari waliisikia. Sijui ni kwa nini, lakini mikono yangu ilitulia. Nikapita pipa la kwanza. Kwenye la pili nikageuza kushoto, mpaka mwisho. Injini ikaendelea. Koplo alitutazama, akashusha mtutu, akatupungia tupite.

Tulipoipita kona, Mzee aliniomba nisimame. Alishuka akatapika majanini, akajifuta mdomo, kisha akainama kuukagua waya.

Tangu siku ile kamba za katani ziliondoka karakana, na fundi yeyote anayejifunza kwetu huanza kwa kugeuza usukani pande zote kabla ya kushika spana. Mapipa ya Elburgon yameondolewa. Kigugumizi bado inafanya kazi, na jina tumeshindwa kulibadilisha.

Ijumaa, mkewe, mama Naliaka, atatangulia stesheni kwa lori na mizigo. Mzee ameomba apelekwe kwa Kigugumizi, akae nyuma. Amesema atafumba macho kwenye reli.

Wafanyakazi wote tunakushukuru, Mzee Masinde, na tunakuombea maisha marefu na mema huko kwenu Kimilili, na mbwa wa majirani wawe wapole. Wewe sasa angalia shamba lako. Kuogopa tuachie sisi.