Dawa ya Kitanda cha Dirishani

Jua lilipomzidi, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu basini alimwomba jirani yake, bwana mmoja wa tai, wabadilishane viti. Bwana akahamia dirishani, na ukarimu wake ukaishia hapo.

"Mama yangu, kule hospitali walimhamishia kitanda cha dirishani kwa sababu paa lilivuja," fundi alisema. "Muuguzi akaja, akamchoma sindano ya kushusha sukari, ya mgonjwa wa kitanda hicho aliyeruhusiwa asubuhi. Mama hana kisukari! Mpaka leo hanitambui."

"Pole sana, dada. Lakini muuguzi mmoja, wodi nzima! Naye ni binadamu."

"Na mama yangu ni godoro? Hakumuuliza hata jina! Daktari anamsukumia muuguzi, muuguzi anausukumia uongozi, uongozi unaniambia ni mapenzi ya Mungu. Kwani Mungu ndiye aliyeshika sindano? Nawapeleka mahakamani wote!"

"Ukiwashtaki wote, kesho atakutibu nani?"

"Atakayeniuliza jina."

Basi likasimama. Konda akamgonga bwana begani. "Wa dirishani, si ulisema unashuka hospitali?"

Bwana, mtu mtiifu, alikuwa ameshaanza kuinuka.

"Ni mimi," alisema fundi, akichukua mkoba wake. "Wewe bahati yako umeulizwa."