Vidonge Tulivyogawana Benchini

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Daktari wetu unayetuaga leo, wauguzi, ndugu wagonjwa na jamaa zenu: wa shikamoo nawapa shikamoo, wa salamu nawapa salamu.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia. Mnanijua. Ndimi niliyezuia lori lililokatika breki kwa bega hili hili. Shule niliiacha darasa la sita, walimu walipoishiwa cha kunifundisha. Chekeni sasa, maana mbele hapachekeshi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alizaliwa na damu isiyoweza kumaliza mafuta. Karithi kwa baba na mama ambao wenyewe hawaumwi. Damu yake ikituama kichupani, juu hutanda weupe kama maziwa. Akionja kijiko cha mafuta, kongosho linawaka moto, siku kumi yuko wodini. Je, wenye ugonjwa huu ni wangapi? Daktari alitafuta miaka mitatu, akapata kumi na wawili. Sita wakapewa dawa ya majaribio, sita vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na yeye mwenyewe asijue nani kapata nini.

Yeye hakujua. Mimi nilijua! Vichupa vya damu, kila kimoja na jina lake, vilipangwa dirishani mwa maabara, mbele ya benchi letu. Mwezi wa pili wa majaribio, cha fundi cherehani, dada mgonjwa tuliyekaa naye, kilituama safi. Cha mpwa wangu, maziwa matupu.

Nikamwambia, "Fundi, wewe umepata dawa, sisi tumepewa chokaa."

"Taratibu, kaka, mtoto atasikia."

"Kwani haoni?"

Akafungua mkoba. "Basi tupokezane. Leo ameze kidonge changu, kesho nimeze mwenyewe. Nitamezaje peke yangu mwenzangu akiniangalia?"

Miezi saba tukafanya hivyo. Mpwa wangu akalazwa mara moja tu, akafanya mtihani, akafaulu. Nami nikatembea kifua mbele: nimewazidi akili madaktari!

Wiki iliyopita Daktari alitusomea majibu: waliopata dawa na wasiopata, tofauti yao haitoshi. Utafiti umefungwa, dawa imerudishwa kwa watengenezaji. Ndugu zangu, katika watu kumi na wawili, ukivuruga wawili umebakiza nini?

Daktari, usijilaumu. Dawa yako ilifanya kazi. Sisi ndio tuliokuharibia, na fundi ameniruhusu niseme. Wafute mpwa wangu na fundi, uhesabu upya. Najua utanijibu kwamba kumi hawatoshi. Hata hivyo, andika.

Mpwa wangu hayupo hapa. Yuko wodini ghorofa ya juu, tangu juzi amejikunja kwa maumivu. Asubuhi ameniuliza, "Mjomba, fundi hajaja na kidonge?"

Nimemwambia yuko njiani.

Kwa kunivumilia mpaka hapa, nawashukuru nyote. Naomba mnipishe, nirudi wodini.