Sufuria ya Siku Ile Ilikuwa ya Nani

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa kamati ya sherehe, wazee wetu mliokaa viti vya mbele, ndugu wageni mliovuka maji kuja kuwa nasi, wapishi wenzangu ambao kama kawaida mmewekwa nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, na wewe wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye leo umepewa kiti chenye kitambaa: habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wapishi. Kamati iliniambia, "Wewe ndiye uliyekaa naye jikoni kuliko sisi wote, huwezi kukosa la kusema." Ni kweli, silikosi. Ninalo miaka mingi, na kwa kuwa kesho wifi yangu anapanda boti kwenda kuishi na binti yake ng'ambo, nisipolisema leo litanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nianze kwa kumsifu, maana ndicho mlichonisimamishia. Wifi yangu anajua kupika. Alipoletwa nyumbani kwetu akiwa bi harusi, mpishi wa nyumba ile nilikuwa mimi. Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa kula kidogo; chakula changu alikidonoadonoa, akasema ameshiba, akasukuma sahani. Wiki ya kwanza tu mwenzangu akaingia jikoni, akapika mchuzi wa samaki, huu huu wa nazi tunaoupika sote hapa kisiwani. Samaki wale wale, na nazi nimeikuna mimi. Mama akamaliza sahani, akaipangusa kwa kidole, akauliza kama umebaki. Akauliza kama umebaki! Mama yangu, ndugu zangu, aliyenizaa! Niliona wivu siku ile, na sitawadanganya, hadi leo nikiukumbuka mchuzi ule uso unanibadilika.

Halafu zikaja sherehe. Kila mwaka watu wetu waliotawanyika wanaporudi nyumbani, tunawapikia sufuria moja kubwa, na kanuni ya jiko letu mnaijua: wapishi tutajaa hadi uani, lakini chumvi inatiwa na mtu mmoja tu. Sisi wengine tutamenya, tutakuna, tutapuliza moto hadi macho yawe mekundu, chumvi hatugusi. Mtu huyo akawa yeye. Mkampa na jina kabisa, Mkono. Na mimi je? Mimi mkaniita wifi yake Mkono. Baba watoto wangu, yule pale anayejifanya anatazama feni, alikuwa akirudi kutoka kwenye sherehe anajinyoosha kitandani, anapapasa tumbo, ananiambia, "Wifi yako ana mkono, bwana!" Ananiambia mimi, ninayenuka vitunguu hadi kwenye nywele.

Nasikia mnanong'ona huko, "Huyu ana wivu." Ninao. Nani kakataa? Nani kati yenu angesimama miaka yote hiyo pembeni ya sufuria, akasikia jina la mwenzake likiimbwa, asikunje hata sura?

Basi nifike kwenye lile lenyewe. Mnaikumbuka sherehe ya mwaka ule wa mvua, tulipopika chini ya turubai nyuma ya shule? Mnakumbuka mlivyokula? Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulirudia sahani, nilikuona kwenye tundu la turubai. Kuna mzee aliyekuwa hajakanyaga kisiwani tangu ujana wake, alitokwa na machozi tonge likiwa mdomoni, akasema hapa nimekula kwa mama. Ndugu mwenyekiti akashika kipaza sauti akatangaza, "Mkono ni ule ule, haujachoka!" Makofi yakapigwa, vigelegele vikapigwa, na sisi nyuma tukaendelea kukwangua ukoko.

Ndugu zangu, Mkono hakuwepo.

Mkono alikuwa kwake, amejifunika mablanketi, anatetemeka kwa homa. Asubuhi ile mwenyekiti alinifuata jikoni, akanivuta pembeni akasema, "Tia wewe, lakini usiseme. Watu wamevuka maji kwa ajili ya mkono wa wifi yako, tusiwavunje moyo." Usiiname, mwenyekiti, hakuna kilichodondoka. Nanyi wapishi wenzangu mkaambiwa hivyo hivyo. Nikatia mimi. Nikaonja, nikaongeza kidogo, nikaonja tena, nikafunika.

Kesho yake nikampelekea uji. Nakuta watu wamejaa chumbani, wamekuja kumpongeza! Na walivyomkuta kitandani, wakamwongezea na pole: "Pole mama, uchovu wa jikoni umekuangusha." Nikasimama pale na kibakuli changu, nikamkazia macho wifi yangu, nikisubiri neno dogo tu, kwamba siyo mimi. Akawaambia, "Tunashukuru." Tunashukuru! Nikaweka uji chini nikaondoka, na sikuuliza kama umenyweka.

Tangu hapo tumepika pamoja, tumezika pamoja, tumeoza watoto pamoja, na jambo hilo hakuna aliyeligusa. Leo sitaki kiti chake. Chumvi kamati itampa inayemtaka; nasikia ni mkwe wa mwenyekiti, yule mwenye cheti cha upishi kilichotundikwa ukutani, hongera zake. Mimi nataka kitu kimoja. Kabla hajapanda boti, aseme mbele yenu sufuria ya siku ile ilikuwa ya nani. Wifi, simama. Simama tu, mama, hakuna atakayekula.

Haya, amesimama. Mpeni kipaza sauti. Hakitaki? Basi sema hivyo hivyo, nami nitawafikishia waliokaa nyuma.

Anasema ilikuwa yangu. Mmesikia? Anasema siku ile aliletewa sahani kitandani, akaonja kijiko kimoja, akajua ni mimi. Anasema alilia. Ulilia nini, wifi, chumvi ilizidi? Anasema hapana. Anasema... ngojeni kwanza. Anasema kilikuwa kitamu kuliko chake. Anasema aliogopa kwamba mkijua, mwaka unaofuata hamtamwita tena, na yeye kisiwa hiki alikuja kwa ndoa, hakuwa na kitu kingine cha kumfanya wa hapa. Anasema tangu siku ile amekuwa akinionea wivu.

Rudia hapo, wifi. Hapo pa mwisho. Kwa sauti, baba watoto aache kutazama feni.

Asante. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumalizia, na sasa hata moja silioni. Nimelitaka neno hili hadi nikawa silali vizuri kila sherehe ikikaribia, nikajua nikilipata nitatembea kifua mbele barabara nzima. Nimelipata, na mnaniona, hata hiyo barabara siikumbuki. Wifi, sasa ndiyo unaniambia? Leo, na mizigo imeshafungwa?

Mheshimiwa, ndugu wageni waalikwa, kisiwa kizima mlikula siku ile. Kaka yangu alikula, mume wangu alikula na akajaza tena, watoto niliowazaa na kuwalisha walikula, na hakuna hata mmoja aliyeonja akajua kwamba kilikuwa changu. Aliyeonja akajua ni huyu, tena kwa kijiko kimoja, tena na homa. Na ndiye huyu anayeondoka.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Nimemaliza, nipisheni nikakae karibu naye.