Aliyeamka Kabla ya Shangazi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, fundi mkuu wa karakana yetu, ambaye hata barua za ofisi humwita Fundi Sikio, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Wasifu wake nilikuwa nimeshauandika. Ulikuwa mzuri, umejaa sifa, na ulikuwa tayari kwenda kwa mpiga chapa. Nimeuchana. Huu mnaousoma ni wa pili, na naomba radhi mapema kama maneno yanaonekana kutetemeka, maana mwandishi wenu bado hajapona mshtuko.

Nianze na yale ambayo hayajabadilika. Fundi Sikio aliajiriwa katika idara yetu ya maji kama mwosha magari. Baada ya miaka minne alikuwa fundi msaidizi, baada ya tisa akawa fundi kamili, na kwa miaka kumi na sita iliyopita ameiongoza karakana. Jina la Sikio alipewa na madereva, kwa sababu hakuwa na haja ya kufungua injini ili ajue inaumwa nini. Aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja, akaitaja nati iliyolegea. Siku moja aliingia ofisini kwetu kuchukua fomu ya likizo, akasimama mlangoni, akatangaza kwamba feni ya mhasibu imebakiza siku mbili za kuishi. Ilikufa siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana. Mhasibu hadi leo hapendi Fundi asimame karibu na kompyuta yake.

Lakini huwezi kumtaja Fundi Sikio usimtaje Shangazi. Kwa wasiomjua, Shangazi ni lori letu la tangi, linalopeleka maji hospitali ya mlimani na shule mbili za njiani, ambako mabomba yetu hayajafika. Aliitwa Shangazi kwa sababu hunung'unika njia nzima lakini hajawahi kukosa kufika. Ana umri mkubwa kuliko nusu ya wafanyakazi wa idara hii, na vipuri vyake viliacha kutengenezwa zamani.

Kila mwaka, mwezi wa sita, kamati ya magari hukaa kujibu swali lilelile: Shangazi abadilishwe sasa au baadaye? Wajumbe ni watano: Mkurugenzi, mhasibu, dereva wa Shangazi, Fundi Sikio, na mimi katibu. Wengine husema sasa, wengine baadaye, sauti zinapanda, kisha tunafanya kama tulivyorithishwa na mkurugenzi wa zamani, aliyeshikilia kwamba gari linalowaka halibadilishwi. Tunatoka hadi uwanjani, tunajipanga kama watu wa kupigwa picha, Fundi Sikio anapanda, anazungusha ufunguo. Shangazi anawaka mara ya kwanza. Tunapiga makofi, tunarudi kumalizia chai. Nami naandika: Kamati ililiona lori likiwaka, suala liahirishwe hadi mwaka ujao. Sentensi hiyo nimeiandika mara tisa kwa mkono wangu huu.

Ule wasifu wa kwanza uliisifu sana rekodi hiyo. Niliweka na vituko vya kuchekesha. Kwamba kwa miaka sita Fundi hakuwahi kusafiri wakati wa likizo. Kwamba alikataa kuhamishiwa makao makuu kwa cheo kikubwa zaidi. Kwamba chakula cha mchana alikila ameketi juu ya ndoo, kando ya gurudumu la Shangazi, hadi tukamtania kuwa ameoa mke wa pili. Nilicheka peke yangu nilipokuwa nayaandika hayo. Leo nikiyakumbuka naona haya.

Kamati ya mwaka huu ilikaa Alhamisi, wiki tatu zilizopita. Kwa kuwa ilikuwa ya mwisho kwake, tuliipamba. Wafanyakazi wote waliitwa uwanjani. Mimi nilishika kamera. Mchora mabango alisimama tayari na kopo lake la rangi, aandike jina la Sikio kwenye mlango wa lori, maana sote, hata mhasibu, tulishakubaliana kimoyomoyo kwamba jibu ni baadaye.

Fundi Sikio, ambaye siku zote tulimkuta ameshafika, alifika saa moja na nusu, pamoja na sisi wengine. Hilo peke yake lingetosha kutushtua, kama tungekuwa watu wa kuona. Ulipofika wakati wa ufunguo hakupanda. Alimkabidhi Mkurugenzi ufunguo kwa mikono miwili, akamwomba awashe yeye. Mama wa watu akacheka, akakusanya gauni lake, akapanda tukimshangilia.

Alizungusha. Shangazi akakohoa kidogo, akanyamaza. Mara ya pili hata kikohozi hakikutimia. Mara ya tatu, kimya. Nyuma yangu mtu alicheka akidhani ni mzaha wa kuagana. Ndipo Fundi akamsaidia Mkurugenzi kushuka, akamwomba dereva apande akanyage breki. Dereva akakanyaga, na mguu wake ukaenda moja kwa moja hadi sakafuni. Akauinua, akakanyaga tena. Kisha akachungulia dirishani, uso umempauka.

“Mzee, mbona hapa hakuna kitu?”

“Hivi ndivyo anavyoamka kila siku,” alijibu Fundi. “Mimi ndiye nilikuwa naamka kabla yake.”

Kamera ilinining'inia shingoni nikaisahau. Mchora mabango alifunika kopo lake bila kuambiwa.

Kwa miaka sita, Fundi Sikio alikuwa akifika kazini saa kumi na moja alfajiri. Alichemsha maji kwenye jiko la karakana, akayamimina kwenye rejeta ili ile injini iliyochoka ipate joto. Alitoa upepo kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono. Akajaza mafuta ya breki yaliyovuja usiku, akakanyaga na kukaza hadi pedali ikashika. Tulipokuwa tunaingia getini na magazeti yetu, Shangazi alikuwa keshapashwa moto, anatungoja. Ile ndoo ya mchana haikuwa ya mapenzi. Lori likirudi kujaza tangi, Fundi alijaza tena breki kabla halijapanda mlima. Na likizo zake zilikuwa za kwenye karatasi tu. Mlinzi alithibitisha kwamba alimfungulia geti kila alfajiri. Alipoulizwa kwa nini hakusema, mlinzi alishangaa kuliko sisi. Alidhani mafundi wote ndivyo walivyo.

Tulimuuliza Fundi sababu. Alisema mwaka wa kwanza alitaka kuvuka kamati ile moja tu, maana aliogopa lori likisimamishwa ghafla, wagonjwa wa mlimani watakosa maji. Angetuambia mwaka uliofuata. Lakini sisi tukampa cheti cha Fundi Bora, tukakitundika ukutani, tukampigia makofi. Aliona aibu kukiangusha kile tulichokiinua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wetu alisifiwa akayatia kwenye rejeta.

“Nilijua nikistaafu kimya, mtaniaga kwa sherehe,” alisema, halafu akamnyooshea dereva kidevu. “Lakini huyu ningemwachia mteremko wa shule peke yake.”

Mteremko huo kila mfanyakazi anaujua. Watoto huuvuka chini kabisa, penye kona, na wawili kati yao ni wa dereva mwenyewe. Dereva alishuka, akakaa kwenye ngazi ya lori, akajishika kichwa. Kwa miaka tisa ameteremka pale akipiga mluzi. Kwa siku mbili hakumsalimia Fundi. Siku ya tatu alimpelekea kikombe cha chai karakana, akakiweka mezani, akaondoka. Fundi alikinywa chote.

Sitaandika kwamba kila mtu alifurahi. Mhasibu alitaka barua ya onyo iandikwe siku hiyohiyo, na nilimwelewa. Alichofanya Fundi kilikuwa hatari, na mwenyewe amekiri. Mkurugenzi, bado ameushika ufunguo, akasema barua iandikwe, ila nakala ya kwanza ipelekwe kwa kamati. Mara tisa niliandika kwamba lori linawaka, na sikuuliza hata mara moja linawashwa na nani, wala amelifanyia nini kabla hatujafika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tuliviona vinaelea tukarudi kunywa chai.

Mkutano uliisha palepale uwanjani, tumesimama. Kwa mara ya kwanza jibu lilikuwa neno moja: sasa. Shangazi hajatoka getini tangu siku ile. Maji ya mlimani yanapelekwa na lori la kukodi, na jipya limeshaagizwa. Kanuni nayo imebadilika. Gari halitapimwa tena na anayelitunza, na litapimwa likiwa limelala, kabla mtu hajaligusa. Karakana imeshaanza kuiita kanuni ya Sikio, na nadhani jina hilo litadumu kuliko rangi ya mlangoni.

Juzi nilikwenda nyumbani kwake kuhakiki tarehe za wasifu huu. Mkewe alinikaribisha kwa upole usio wa kawaida, akaniangalia kama mtu aliyefiwa.

“Poleni sana jamani,” aliniambia. “Ninyi watu wa maji mnateswa. Kazi gani hiyo, wote mnaingia saa kumi na moja alfajiri?”

Miaka sita mama huyu ametuonea huruma sote. Sikujua nitazame wapi. Nilimwambia kweli. Akacheka, sufuria mkononi, mpaka akakaa chini, akasema leo usiku mtu atajieleza. Kwa taarifa za kuaminika, alijieleza.

Mlinzi ameniambia jambo moja zaidi. Wiki iliyopita, Shangazi akiwa ameegeshwa pembeni, hana safari yoyote, Fundi Sikio alitokea tena getini saa ileile. Hakuingia. Alisimama akalitazama lori, akamtakia mlinzi asubuhi njema, akarudi kwake. Miguu ilikuwa bado haijapata habari.

Basi, Fundi, haya ya mwisho nakuambia wewe. Asante kwa miaka thelathini na mitatu, kwa kila nati uliyoisikia kabla yetu, na kwa ile Alhamisi, ambayo ilikugharimu sherehe nzuri. Zawadi yako tulikuwa tumeshainunua: saa ya mezani yenye kengele kali ajabu. Tumeirudisha dukani bila kuitisha kamati, tukachukua blanketi zito. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu, na miaka mingi ya kukaa na mkeo jikoni ukimwambia jiko linaumwa nini. Na tarehe mosi, ikifika saa kumi na moja alfajiri, geukia upande wa pili ulale. Tutaamka sisi.