Mrututu Uliogeuka Buluu: Maisha ya Mwalimu Hezekia Gabrieli

Mchungaji, wazee wetu, shikamooni, ndugu na majirani, poleni kwa msiba. Mimi ni Lazaro, mdogo wake marehemu, ukoo umeniagiza nisome maisha ya kaka yangu, nami nitayasoma yalivyokuwa, si kwa kuyapamba.

Mwalimu Hezekia Gabrieli alizaliwa tarehe 9 Agosti 1937 milimani juu ya Kilosa, mtoto wa kwanza wa Mzee Gabrieli na Mama Agnesi, akaanza shule ya misheni mwaka 1946, akahitimu ualimu mwaka 1959. Uhuru ulimkuta Kilosa akifundisha sayansi, na waliosoma kwake wanakumbuka alivyokuwa akipasha mrututu, ile chumvi ya buluu ya maabara, moto kwenye kibati mpaka buluu yake ikaisha, ukawa unga mweupe, kisha akadondoshea tone la maji, ukarudia buluu, na darasa zima likapiga makofi.

Tarehe 20 Aprili 1963 alifunga ndoa na shemeji yangu Raheli, wakajaliwa Magreti mwaka 1964 na Yohana mwaka 1968. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, aliletwa hapa jirani na Mikumi kuwa mwalimu mkuu, akaja na chupa zake za dawa za maabara amezifunga kwenye blanketi kama mayai.

Tarehe 7 Julai 1975 kisima chetu kilifunguliwa, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Donati, akamwomba ayapime maji mbele ya wageni, naye kwa kuipenda kazi yake akawasha jiko, akafanya vilevile kama darasani. Mrututu ulipogeuka buluu vigelegele vilipaa, mwenyekiti akatangaza kwamba maji yamepimwa, ni salama. Ndugu zangu, mrututu hutambua kwamba haya ni maji, basi, hata maji ya dimbwi la ng'ombe yangeugeuza. Kaka alilijua hilo, akainua mkono aseme, ngoma zikamzidi, akaona haya kuharibu sherehe, akaketi.

Tangu siku ile akina mama waliacha kuchemsha, na nani awalaumu, wakati kuni ziko porini kwa tembo na simba, ingawa kisima kiko mteremkoni, chini ya safu ya vyoo vyetu. Kaka alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wachemshe, akajibiwa kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu, lakini si wewe mwenyewe uliyeyapima?"

Machi 1976 Magreti, aliyekuwa akinywa maji yasiyochemshwa kwa rafiki zake, alifariki kwa homa ya matumbo. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini kwake yalikuwa mtoto wa kumzaa. Hakufundisha tena somo la maji, akilifikia aliwaambia wanafunzi wafunge vitabu, akatoka nje, nasi wa nyumbani tulimwona akiisha mbele ya macho yetu.

Januari mwaka huu 1977 homa ileile ilimshika, na Raheli anasema alikuwa ameacha kungoja maji yachemke. Alilazwa Kilosa, akafariki tarehe 18 Februari, akiwa na miaka thelathini na tisa, ameacha mjane na mtoto mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake waliokesha nasi, ndugu wa Kidodi waliotoa lori la miwa kumleta nyumbani, na ninyi majirani mliochimba kaburi na kuchota maji ya msiba, wema wenu hatuna cha kuulipa. Lakini yale mapipa mawili pale jikoni, mnayoyanywa tangu asubuhi, yamejazwa maji ya kisima kile, nami nilipouliza kama yamechemshwa niliambiwa nisiwe na wasiwasi, marehemu alishayapima.

Kaka yangu Hezekia, sisi tumeshindwa kukupa amani hapa, Mungu akupe huko. Pumzika kwa amani.