Safu Tatu za Bibi Brockhoff

Tarehe 31 Machi 2017 Bibi Gerlinde Brockhoff anastaafu baada ya kuitumikia hifadhi yetu ya nyaraka za kijeshi kwa miaka thelathini na minne. Mkurugenzi amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza zetu zimetazamana tangu 1984. Hakujua anamkabidhi nani kalamu. Nimemwonea wivu mama huyu miaka yote hiyo, na leo sioni haja ya kuficha.

Kazi yetu ilikuwa kuandika kadi zinazoonyesha dini za majenerali na mawaziri wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi niliiona nyepesi: unafungua faili, unasoma fomu ya afisa, unajaza. Mprotestanti, Mkatoliki, au yule aliyejitoa kanisani ili asijizibie njia ya cheo, akaandika kwamba anamwamini Mungu tu, bila kanisa. Kadi zangu zilikuwa na safu moja. Zake zilikuwa na tatu: dini aliyobatiziwa mtu, aliyoiandika akitafuta cheo, na aliyofia.

"Mtu mmoja, dini moja, Bibi Brockhoff," nilimwambia. "Tukanywe kahawa."

"Kanywe wewe, Bwana Lüttgens. Fomu hii aliijaza mbele ya bosi wake. Wewe ungeandika nini?"

Safu ya tatu ndiyo iliyomchosha. Kwetu, Mkatoliki akijitoa kanisani, padri huandika pambizoni mwa kitabu cha parokia alikobatiziwa. Akirudi, huandikwa tena. Basi likizo zake Bibi Brockhoff alizimaliza kwenye treni za vijijini, na mkate wa jibini mkobani, akienda kufungua vitabu vya ubatizo. Watafiti wakamjua. Simu ikilia nikapokea mimi, nilisikia, "Aa, Bibi Brockhoff hayupo? Basi nitapiga kesho." Nami nipo hapo hapo, nina shahada mbili! Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisubiri alitie maji. Hakutia hata tone.

Mwaka 2008 tuliandaa maonyesho, nami nikaandika maelezo, na kutia jina langu, chini ya picha ya Jenerali Konrad Rehmstedt: alilikana kanisa 1938, akafa vitani 1944 bila kulirudia. Nilisoma fomu tu. Wiki ya pili akaja binti yake, Bibi Walburga, miaka sabini na saba, akasimama mbele ya picha akilia. Mama yake alikufa akiamini roho ya mumewe imepotea, na kwa aibu hakuwahi kumwombea misa. Binti alitaka kujua kama ni kweli.

Bibi Brockhoff alichukua koti, akaenda na treni ya saa nne hadi parokia alikobatiziwa jenerali. Jioni akarudi na nakala ya pambizo: amejitoa, 1938, amepokelewa tena na padri wa jeshi, siku kumi na tisa kabla ya kufa. Akaiweka mezani kwangu. "Rekebisha," akasema. "Jina lililo chini ya picha ni lako."

Nikarekebisha. Bibi Walburga akaniandikia mimi barua ya shukrani, kwamba sasa baba yake anasomewa misa kila Novemba. Mimi, kwa kijicho changu, nikaitia fremu nikaitundika ukutani. Ilikaa miaka tisa. Bibi Brockhoff aliipita kila asubuhi, na mara mojamoja aliinyoosha ikiwa imekaa upande.

Jumanne iliyopita niliitoa kwenye fremu, nikampelekea. Kwetu anayeaga ndiye huleta keki, naye alikuwa akikata yake ya matunda ya plamu. Akafuta vidole, akaisoma hadi mwisho.

"Nilikuwa nasubiri uilete mwenyewe," akasema. Kisha, "Na fremu je?"

Nikaileta.

Bibi Brockhoff, kwa niaba ya wenzako wote nakushukuru kwa kadi elfu nne na mia mbili zisizo na uvivu. Mapumziko yako yawe marefu na yenye afya, na treni zako sasa zikupeleke unakotaka kutembea tu. Kuanzia Jumatatu simu zote ni zangu. Nilizitamani miaka thelathini na mitatu, na sasa naogopa kuzipokea.