Toa Wawili, Wamebaki Wangapi?

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi wenzangu mliobanana huko mlangoni, asanteni kwa kuninyamazia. Mlipoingia mliombwa kila mmoja atie mchembe mmoja katika kapu lile. Nimesikia mzee mmoja akiuliza kama siku hizi tunatoa sadaka ya viazi vikavu. Si sadaka, mzee wangu. Nivumilie, nitafika hapo.

Maneno haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, kwa sababu naogopa kukosea. Hofu hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu.

Mimi ni binti wa Ng'ambo, mjini Tabora. Baba yangu ni fundi cherehani. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipougua macho, na hesabu zilizobaki nilijifundisha mwenyewe chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwa kitabu kisicho na jalada. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nimepata au nimekosa. Basi nilirudia kila hesabu, nikarudia tena, mpaka nikaamini kwamba anayekosa hata mara moja hana haki ya kumfundisha mwenzake.

Kanisa likanituma kufundisha shule ndogo ya kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kutoka stesheni ya Igalula, kando ya njia ya zamani ya misafara. Nilikwenda na hofu yangu.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilikuwa mwalimu mbaya. Sikuwapiga watoto. Lakini mtoto akikosa, nilifuta ubao wote nikaanza upya, kana kwamba kosa lake limenichafua mimi. Tarakimu ya nane ikipinda, nafuta. Watoto wakajifunza jambo moja tu, kwamba anayenyamaza hakosi. "Saba na tano?" Kimya. "Haya, tano na tano?" Kimya kilekile.

Msimamizi wa shule alipopita akanivuta kando. "Mwalimu, watoto hawa wanaimba vizuri na wanasoma vizuri. Kwenye hesabu wanakaa kama wako matangani. Mkaguzi wa serikali anakuja baada ya mavuno. Akiwakuta hivi, shule inafungwa."

Nikakosa raha. Nikawaza, labda hesabu za ubaoni hazina uhai, basi nitumie kitu chenye uhai. Nitumie wao wenyewe! Niliona nimepata dawa. Asubuhi nikawapanga mstari uwanjani, nikapita nikiwagusa vichwa: mmoja, wawili, watatu. Waliinamisha shingo. Nikadhani wanaona haya. Kisha nikamwuliza binti mmoja mwerevu, "Kwenu mko watoto wangapi?"

"Tupo, mwalimu."

"Najua mpo. Wangapi?"

"Tupo tu."

Nikaona ni ukaidi. Nilikuwa nawajua wote nyumbani kwao, nikawahesabu mwenyewe kwa vidole mbele ya darasa. "Mko sita. Toa wawili. Wamebaki wangapi?"

Binti akaanza kulia.

Naona wenyeji wa kule mmeshika vichwa. Ninyi mnajua. Kwetu mjini karani anahesabu kila kinachopita, lakini kule mtu hahesabu watoto wa mwenzake, wala mama hataji idadi ya wanawe, kwa maana kumhesabu mtoto ni kukionyesha kifo mahali alipo. Na mimi sikuishia kuhesabu. Nilitoa wawili.

Juma hilohilo surua ikaingia kijijini. Katika nyumba zote, ikaanzia nyumbani kwa binti yule. Ikamshika kaka yake, kisha mdogo wake wa kike, kitinda mimba. Wakalala hoi wawili.

Nilipogonga kipande cha reli tulichokifanya kengele, hakuja mtoto. Kisimani wanawake walivuta watoto wao nyuma ya kanga. "Huyo anapita, mwalimu wa toa wawili. Ficheni wenu." Nilijua surua ilikwishapita vijiji vya jirani kabla ya somo langu. Nilijiambia hivyo kila nilipoinama kuwasha moto. Moyo haukusikia. Nikafunga mzigo wangu ili nikakimbilie gari la moshi, maana niliona heri shule ifungwe bila mimi kuwepo.

Lakini njia ya stesheni inapita mbele ya nyumba ya kina binti yule. Bibi yao alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua michembe.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitika. Jamani, kama hujawahi kumwamkia mtu mzima akakuacha na shikamoo yako mdomoni, omba usionje.

"Umekuja kuchukua waliobaki?" akauliza bila kuniangalia.

"Nimekuja kuomba radhi, bibi."

"Vidole vinakuwasha, siyo? Kama ni lazima uhesabu, hesabu hii!" Akanimwagia ungo mzima wa michembe miguuni. "Hii haina mama wa kuililia. Baba yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na njiani ilihesabiwa mizigo, havikuhesabiwa vichwa vya watu. Wewe binti wa mjini, nani alikufundisha?"

"Sikufundishwa, bibi. Nilijifundisha."

"Inaonekana."

Nikaweka mzigo chini, nikapiga magoti, nikaanza kuokota na kuhesabu. Machozi yalinizuia kuona. Ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Umeruka."

Alikuwa binti yule.

"Mwalimu, umeruka. Umetoka ishirini na nane ukaenda thelathini."

Nikarudia. Kweli nilikuwa nimeruka. Nikangoja ile aibu ije initafune, kama ilivyonitafuna miaka yote. Badala yake bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu huyo! Watoto wa watu anawatoa, michembe inamshinda!" Na kutoka ndani, kwa sauti ya mgonjwa, kaka yao akauliza, "Anahesabu nini? Mwambieni aanze tena, nami nisikie."

Binti akaketi kando yangu. "Usiokote hivyo, mwalimu. Fanya mafungu ya kumi kumi. Angalia." Mtoto ambaye darasani hakufungua kinywa, sasa alihesabu kwa sauti ya kuita ng'ombe. Ndugu zangu, nilikosa mbele ya mwanafunzi wangu na sikufa. Kosa langu ndilo lililomfungua mdomo.

Sikwenda stesheni. Nilibaki nikawachotea maji wagonjwa. Kaka akapona. Mdogo naye akainuka, lakini tulipomwita hakugeuka. Surua ilikuwa imemchukua masikio. Watu wa dispensari wanasema ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Bibi anasema analolisema. Mimi sina la kujitetea.

Watoto walirudi kidogo kidogo, binti yule akiwa wa kwanza. Kila aingiaye akatia mchembe katika kapu, tukajua tuko kiasi gani bila kumgusa mtu kichwa. Kisha nahesabu mimi kwa sauti, na anayenidaka nikiruka anapiga kelele "Umeruka!" na kuula ule mchembe. Mwanzoni niliruka makusudi. Baadaye sikuhitaji makusudi! Wakaanza kunitegea, kunipangia mafungu ya saba saba, kugombania kile kinachobaki baada ya kugawana. Kelele zilifika barabarani.

Mkaguzi, Mzungu, alipokuja akauliza, "Wanafunzi wangapi?" Nikamsogezea kapu. Akahesabu mwenyewe kwa Kiswahili chake, na darasa zima likampigia kelele: "Umeruka!" Nilitamani ardhi ipasuke. Akatutazama, akarudi nyuma akahesabu upya, kisha akampa mchembe aliyemdaka. Shule haikufungwa.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wazazi walioniletea tena watoto wao hali wakiniogopa. Namshukuru yule bibi, ingawa mpaka leo kuna siku ananiitikia marahaba na kuna siku ananiambia "pita" tu. Na ninyi mnaofundisha watoto, mwacheni mtoto awadake mkikosea. Mimi bado naogopa, hata sasa, ila naogopa nikiwa nimesimama.

Sasa lile kapu. Yule mdogo amekuja leo, ndiye amekaa kando yake. Atatuhesabia michembe kwa vidole, mafungu ya kumi kumi kama dada yake. Mtazameni vizuri, na akiruka msimwonee huruma, mwambieni. Ila msipige kelele. Inueni mikono, aone.